Rejista, EMS au kampuni binafsi: kifurushi cha ng'ambo kipite wapi?

Mtu aliyekuwa Unguja mwishoni mwa 1890 akiwa na barua ya kupeleka ng'ambo alikuwa na posta tatu za kuchagua. Posta ya India ilikuwapo tangu 1875, Wafaransa walifungua yao 1889, na Wajerumani walikuwa wamefungua ya kwao Agosti ya 1890 hiyohiyo, wakaja kuifunga kabla haijatimiza mwaka. Mji mmoja, posta tatu za serikali za watu wengine, kila moja na stempu zake. Posta ya Zanzibar yenyewe ilikuja 1895, nayo ilianza kwa stempu za India zilizogongwa neno Zanzibar juu yake.

Natamani kujua mtu huyo alichaguaje, maana swali lake ndilo ninaloulizwa kila mara. Mimi hutuma vitabu, khanga na vikapu vya ukindu kwa ndugu na wateja walioko Oman, Ulaya na Marekani, na watu wakijua hilo huniuliza: nitume kwa rejista, nitume kwa EMS (huduma ya haraka ya mashirika ya posta), au niwape wale wa kampuni binafsi? Muulizaji hutaka jina moja aondoke nalo. Simpi, kwa sababu njia hizi tatu hazikuzaliwa kwa haja moja. Ya kwanza ni ahadi ambayo mataifa yalipeana karne ya 19. Ya pili ni majibu ya mashirika ya posta kwa washindani waliowanyang'anya wateja. Ya tatu ilianzishwa na watu waliokuwa wakikimbiza makaratasi ya meli. Ukishajua nani alimwahidi nani, mengi yanayokuudhi dirishani utayaelewa, na mengine utayakwepa.

Tunapima nini

Kwanza ni bei, na hapa sisemi ile unayolipa dirishani tu. Ongeza na ile atakayotozwa mpokeaji huko aliko. Pili ni muda, pamoja na uhakika wa muda, kwa kuwa siku 20 zinazojulikana zina manufaa kuliko siku saba za kubahatisha. Tatu ni kufika: je, mpokeaji ana mlango unaofikika, au ana S.L.P. tu? Nne ni forodha, yaani nani atakayesimama mbele ya afisa wa forodha kwa niaba yako. Tano ni kupotea. Kikipotea unamdai nani, na unalipwa nini?

Nitavitumia vigezo hivyohivyo kwa njia zote tatu, ingawa si kila kimoja kina mengi ya kusemwa kila mahali.

Rejista ya Posta

*Ilikotoka.* Kabla ya 1874, nchi zilikuwa zikipatana mbili mbili. Barua iliyopita katika nchi tatu ilitozwa mara tatu, kila nchi kwa sarafu yake na kwa kipimo chake cha uzito. Barua ya nusu aunsi kutoka Marekani kwenda Australia iliweza kugharimu senti 5 au dola 1.02, ikitegemea imepitia wapi. Karani ilibidi awe nusu mwanasheria. Mkuu wa Posta wa Marekani, Montgomery Blair, aliitisha mkutano Paris mwaka 1863, nchi 15 zikakubaliana juu ya kanuni za jumla, lakini hakuna aliyefungwa na chochote. Aliyelivuta jambo hadi mwisho ni Heinrich von Stephan, mkuu wa posta wa Ujerumani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilimchelewesha, kisha Uswisi ikajitolea kuwa mwenyeji, na tarehe 9 Oktoba 1874 wajumbe wa nchi 22 walitia saini mkataba mjini Bern, mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani. Kwa Afrika nzima ilikuwapo Misri peke yake. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kama Siku ya Posta Duniani.

Mkataba ule ulisema mambo matatu ambayo bado yanagusa kifurushi chako. La kwanza: nchi zote wanachama ni eneo moja la posta, na mfuko wa barua wa nchi moja una haki ya kupita katika nchi nyingine. Kwa wasio na bahari, kama Rwanda, Burundi na Uganda, haki hiyo si ya maneno matupu. La pili: bei iwe moja, na wakati ule iliwekwa santimu 25 za faranga kwa barua ya gramu 15. La tatu, ambalo ndilo lililokuja kuleta ugomvi: kila nchi ibaki na fedha za stempu ilizouza yenyewe, isimlipe anayepeleka barua hadi mlangoni. Hoja ilikuwa rahisi, kwamba barua huzaa jibu, hivyo mwisho wa mwaka mizani inalingana.

Mizani haikulingana. Nchi nyingine zilipokea zaidi ya zilivyotuma, na mwaka 1969, katika mkutano mkuu wa Tokyo, ikakubaliwa kwamba posta inayotuma imlipe anayepokea fidia ya kufikisha. Viwango vya fidia hiyo vikawa vya chini kwa nchi zinazoendelea. Biashara ya mtandaoni ilipokua, China, iliyokuwa bado inahesabiwa humo, ikawa inaweza kupeleka kifurushi kidogo hadi Marekani kwa fedha pungufu ya ile ambayo muuzaji wa Marekani hulipa kukipeleka mji wa pili. Mwaka 2018 Marekani ikatoa notisi ya kujitoa katika Umoja wa Posta Duniani. Septemba 2019 wanachama wakakutana kwa dharura Geneva, wakaruhusu nchi zinazopokea mizigo mingi kujipangia viwango vyao, na Marekani ikabaki. Kwa hiyo bei unayosomewa dirishani leo ina kipande chake kilichojadiliwa Geneva.

(Mianya ya bei za posta ina historia yake. Mwaka 1906, mkutano wa Rome ulibuni koponi ya jibu: unamtumia mtu koponi, naye kwao anaibadilisha kwa stempu. Mwaka 1920 mtu mmoja wa Boston, Charles Ponzi, aliwaambia watu kwamba anatajirika kwa kununua koponi nchi za bei rahisi na kuzigeuza Marekani. Ili maneno yake yawe kweli zilihitajika koponi milioni 160, na zilizokuwa zikizunguka duniani zilikuwa kama 27,000. Upatu ule wote ulisimama juu ya karatasi ya posta.)

*Bei.* Kwa kitu chepesi hakuna kinachoishinda rejista, mradi posta ya kwenu iwe bado inapokea bidhaa kwa njia hiyo. Kikomo chake ni kilo 2, na hakibembelezwi. Nimewahi kusimama dirishani na boksi nililolifunga selotepu pande zote, mizani ikasoma gramu 2,040. Mhudumu hakusema neno, akanisukumia wembe. Nikalifungua boksi mbele ya foleni nzima, nikatoa kopo la achari ya maembe, nikalifunga upya huku watu wakinihesabia dakika. Zile gramu 40 zilikuwa zinakihamisha kitu changu kutoka kundi la barua kwenda kundi la vifurushi, na vifurushi vina mkataba wao tofauti, uliofungwa Paris Novemba 1880 kwa mizigo isiyozidi kilo 3. Siku hizi vifurushi vya aina hiyo hufika kilo 20 na zaidi, ila bei yake ni hesabu nyingine.

*Muda.* Usiharakishwe na mtu anayekupa tarehe. Vitu vyangu vya Ulaya huchukua kati ya wiki mbili na tano, na sijawahi kujua mapema ni ipi.

*Kufika.* Hapa ndipo rejista inapotamba. Umoja una wanachama 192, na huduma ya barua ni wajibu wa kila mwanachama, si hiari ya biashara. Mpokeaji anaweza kuwa na S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya mjomba, na barua ikafika. Kwetu ambako barua hazikuzoea kuletwa mlangoni, hilo ni jambo kubwa. Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, nyumba zikapata namba na mitaa ikapata vibao, lakini mazoea ya S.L.P. hayajaondoka.

*Forodha.* Unajaza tamko dogo, CN22, ambalo hubandikwa usoni mwa kifurushi: kilichomo, uzito, thamani. Nilimtumia binamu yangu doti nne za khanga na pakiti mbili za karafuu, nikaandika "zawadi", na kwenye thamani nikaandika sifuri kwa sababu sikuwa namuuzia. Kifurushi kilikaa forodhani wiki tano. Forodha haimwulizi mtumaji kama amelipwa. Inataka kujua kitu kina thamani gani. Tangu hapo naandika "vitambaa vya pamba, vipande 8" na bei ya dukani, na karafuu nazitaja kwa jina, maana kila nchi ina sheria zake juu ya mimea. Na usitie bidhaa ndani ya bahasha iliyotumwa kama barua ya karatasi tupu: Umoja ulishatenganisha nyaraka na bidhaa, na kila moja ina mlango wake.

*Kikipotea.* Namba yako ya rejista huonekana hivi: RR123456785TZ. Herufi mbili za mwanzo ni aina ya huduma, tarakimu nane ni namba yenyewe, ya tisa ni ya kuhakiki kwamba hukukosea kuandika, na mbili za mwisho ni nchi ilikoanzia. Ingekuwa KE ingetoka Kenya. Muundo huo ni mmoja dunia nzima, ndiyo maana unaweza kuiandika kwenye tovuti ya posta ya mpokeaji nayo ikaitambua. Ila kumbuka ahadi ni ya nani kwa nani. Posta ya kwenu imeahidiana na posta ya huko. Posta ya huko haikujui wewe. Kwa hiyo anayedai ni mtumaji, kwenye posta alikotumia, ndani ya miezi sita, akiwa na risiti. Fidia ya rejista ina kikomo cha SDR 30, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ambayo ni kama dola 40. Vitenge viwili vitalipika. Simu haitalipika.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitabu, khanga, vyeti vya nakala, shanga, vitu vyepesi visivyo vya thamani kubwa na visivyo na haraka. Na mwenye mpokeaji anayeishi kwenye S.L.P.

EMS

*Ilikotoka.* Miaka ya 1970, posta za nchi kadhaa ziliona wateja wa maofisini wakizikimbia, zikaanza kupatana tena mbili mbili, kama kabla ya 1874, juu ya huduma ya haraka. Mapatano hayo yakaenea, na mwaka 1998 ukaundwa Ushirika wa EMS ndani ya Umoja wa Posta. Tofauti na barua, EMS si wajibu wa mkataba: nchi hujiunga kwa hiari, na ushirika huwapima wanachama wake na kutoa tuzo kwa waliofanya vizuri. Ni kama ligi, na msimamo wa ligi haulingani.

*Bei.* Iko katikati. Kwa kilo tatu au tano za kwenda mbali, mara nyingi ndipo bei yake inapoanza kuwa na maana, kwa sababu rejista imekwisha kwenye kilo 2 na kampuni binafsi imepanda. Kikomo cha kawaida ni kilo 30.

*Muda.* Kwangu, wiki moja hadi mbili. Hapa ndipo wengi wanapolaumu bila kujua walaumu wapi. EMS ni mbio za kupokezana vijiti: anayekimbia nusu ya kwanza ni posta ya kwenu, anayemalizia ni posta ya huko, na katikati kuna ndege isiyo ya yeyote kati yao. Jina ni moja na nembo ni moja, lakini EMS ya kwenda nchi fulani si EMS ya kwenda nchi nyingine. Usiulize "EMS ni nzuri?" Waulize waliowahi kutuma kwenda mji huohuo mwaka huuhuu.

*Kufika.* Huletwa mlangoni, au mpokeaji hupigiwa simu aifuate. Andika namba yake ya simu kwa herufi kubwa zinazosomeka, pamoja na tarakimu za nchi. Nimeona vifurushi vikirudi kwa sababu tu ya sifuri moja.

*Forodha.* Bado unapita mlango wa posta, kwa kawaida na tamko refu zaidi, CN23. Mpokeaji anaweza kuitwa akalipe ushuru mwenyewe.

*Kikipotea.* Namba huanza na E, mara nyingi EE, na matukio huonekana mengi kuliko ya rejista. Fidia haifuati kile kikomo cha SDR 30. Hupangwa na posta yenyewe na mapatano yake, kwa hiyo iulize dirishani kabla ya kulipa, na uione imeandikwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kilo kadhaa na haraka ya wastani, anayetuma mji mkubwa wa nchi ambayo posta yake inasifika, na hasa mwenye mpokeaji ambaye hatoweza kulipa ada za wakala wa forodha.

Kampuni binafsi

*Ilikotoka.* Mwaka 1969, Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn walianza kupanda ndege San Francisco kwenda Honolulu wakibeba hati za mizigo ya meli. Meli ilikuwa bado baharini, karatasi zake zimeshafika forodhani, na ilipotia nanga mzigo ulikuwa umeshafanyiwa kazi. Herufi za kwanza za majina yao ndizo DHL. Hawakuwa na mkataba wa mataifa wala wajibu wa kumfikia bibi wa kijijini. Walikuwa na mteja mmoja na hati moja iliyotakiwa kesho. Tabia hiyo bado iko kwenye damu ya kampuni hizi zote, iwe hiyo au zile zilizofuata: zinauza muda, na zinamiliki njia kutoka mlango hadi mlango.

Historia ina mzaha wake. Kufikia 2002, DHL ilikuwa mali ya Deutsche Post, mrithi wa posta ileile ya von Stephan. Na wazo la karatasi kutangulia mzigo nalo limewarudia mashirika ya posta: Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa utaratibu wake ulioanza Machi 2021, kwamba taarifa za kifurushi zifike kwa kompyuta kabla ya kifurushi. Ndiyo sababu mhudumu wa Posta siku hizi anakaa akiandika jina, simu na kilichomo wakati wewe unatazama saa. Hakuchelewesha kwa makusudi.

*Bei.* Ni kubwa, na ina mtego mmoja ambao lazima niuonyeshe kwa tarakimu. Kampuni nyingi hupima uzito wa mizani, kisha hupima nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Kubwa kati ya hizo mbili ndiyo unayolipia. Vikapu vyangu vitatu vya ukindu, kimoja ndani ya kingine, huingia kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Mizani inasema kilo 1.5. Hesabu ya nafasi inasema 36,000 gawanya kwa 5,000, yaani kilo 7.2. Nimelipia hewa kilo 5.7. Kwa kitabu kizito au chuma, hesabu hiyo haina neno. Kwa vikapu, mito, kofia na mikeka ni maumivu.

*Muda.* Siku chache, na ukiambiwa Alhamisi mara nyingi ni Alhamisi. Kama unalipia uhakika, hapa unaupata.

*Kufika.* Mlangoni, ila mlango uwepo. S.L.P. haikubaliwi peke yake. Wanataka mtaa, namba ya nyumba na simu. Maeneo ya mbali huongezewa ada, au kifurushi hukaa mji mkubwa hadi mpokeaji akifuate.

*Forodha.* Kampuni yenyewe husimama kama wakala. Ni raha, kwani mzigo hutoka haraka. Lakini hulipa ushuru kwanza, kisha humdai mpokeaji ushuru pamoja na ada ya kumlipia. Shangazi aliyetumiwa zawadi akadaiwa mlangoni hakusahau. Mwambie mapema, au ulizia kama unaweza kulipa ushuru upande wako.

*Kikipotea.* Ahadi hapa ni ya kampuni kwako moja kwa moja, huna posta mbili za kurushiana mpira. Hilo ni tofauti kubwa. Hata hivyo nyingi hujikinga nyuma ya ukomo wa fidia kwa kilo, kwa mizigo ya ndege ukiwa ule wa Mkataba wa Montreal wa 1999, kwa hiyo kitu chepesi cha thamani kubwa kikatie bima. Usidhani bei kubwa ndiyo bima.

*Inamfaa nani.* Mwenye hati halisi zinazosubiriwa na ubalozi au chuo, sampuli ya biashara, kipuri cha mashine iliyosimama. Kitu kidogo, kizito kwa ukubwa wake, na chenye mtu wa kukilipia.

Na mkono wa msafiri?

Najua wengi mnaucheka ulinganisho huu kwa sababu mna mtu anayesafiri Jumamosi. Kwa Dar, Nairobi na Kampala, mabasi nayo hubeba. Ni rahisi na mara nyingi ni haraka, lakini hakuna namba, hakuna fidia, na anayebeba ndiye anayejibu mpakani kwa kilicho ndani. Usimpe mtu mzigo uliofungwa asiouona, na usiupokee.

Kabla hujachagua: mambo mawili, Marekani na nyuki

Kwa wanaotuma Marekani: tarehe 29 Agosti 2025 nchi hiyo ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 800, na mashirika mengi ya posta duniani yakasitisha kwa muda kupokea bidhaa za kwenda huko, kwa sababu hayakuwa na njia ya kukusanya ushuru mapema. Utaratibu umekuwa ukibadilika tangu hapo. Uliza siku hiyohiyo unayotuma, si kwa uzoefu wa mwaka juzi.

Kwa njia zote, fedha taslimu, manukato, makopo ya kupuliza na betri zisizo ndani ya kifaa ni balaa. Wanyama hai nao posta haiwakubali, isipokuwa wachache waliotajwa katika kanuni za Umoja, wakiwemo nyuki, ruba na viwavi wa hariri. Sijawahi kumwona aliyejaribu ruba.

Kwa hali yako

Kama ni kitabu kimoja au doti mbili za khanga kwa ndugu asiye na haraka, nenda rejista, pima nyumbani ubaki chini ya gramu 1,950 ili selotepu ipate nafasi, na uandike thamani ya kweli. Kama ni hati halisi yenye tarehe ya mwisho, nenda kampuni binafsi na ubaki na nakala. Usisubiri wiki ya mwisho uokoe shilingi.

Kama ni kilo nne za vitu mchanganyiko kwenda Muscat au London, linganisha EMS na kampuni binafsi siku hiyohiyo, ukiwa umeshapima boksi kwa sentimita na umefanya hesabu ya kugawanya kwa 5,000. Boksi dogo zito huisogeza bei ya kampuni binafsi karibu na ya EMS. Boksi kubwa jepesi huzitenganisha kabisa.

Kama unaanza biashara, usijifunge na moja. Mimi hutumia rejista kwa khanga, EMS kwa vikapu, na kampuni binafsi mteja akisema atalipa mwenyewe. Mweke mteja achague na aone bei zote kabla hajalipa. Lawama hupungua sana.

Kama mpokeaji yuko kijijini na ana S.L.P. tu, huna chaguo kubwa, na si jambo baya: Posta ndiyo iliyoahidi kufika huko. Mtumie namba kwa ujumbe wa simu ili aende kuulizia mwenyewe badala ya kungoja karatasi ya taarifa kwenye sanduku.

Na kama ni vitabu vya nukta nundu au rekodi za kusikiliza, zinazotumwa na asiyeona, kwenda kwake, au kupitia chama chao, usilipie stempu kabla hujauliza. Kanuni za Umoja zinaruhusu vitu hivyo hadi kilo 7 bila ada ya posta, isipokuwa nyongeza ya ndege. Bahasha isifungwe gundi, iweze kukaguliwa, iandikwe wazi kwamba ni vitu vya wasioona. Kuna wahudumu wasioijua kanuni hiyo. Omba kwa upole aulizwe mkuu wa ofisi.